Shamimu, uliyekuwa ukikaa kwanza ndipo useme

Mwaka umetimia, Shamimu, tangu jeneza lako litoke katika mlango huu wa Tabata. Mpaka leo nikichemsha chai natia tangawizi nyingi, kama ulivyopenda wewe, ingawa mie inanichoma. Nimekuwa nikikuita mke mwenzangu tangu ulipozaliwa, kama bibi anavyomwita mjukuu wake wa kike, na sijapata wa kumwita hivyo tena.

Ulikuwa muuguzi. Wodini viti havikutosha, ukaenda kwa maseremala wa Keko ukachongesha kigoda chako cha mninga. Mgonjwa akiwa na habari nzito ya kuambiwa, ulikivuta karibu na kitanda, ukakaa, uso wako ukawa sawa na wake, ndipo ukasema. Daktari akisema na kuondoka, wewe ulibaki pale. "Kweli ni yake mgonjwa, bibi," uliniambia. "Ila huwezi kumtupia ukapita zako."

Mzee mmoja alikuona unakisogeza akapiga kelele, "We sista, usikae bwana! Ukikaa tu, mie kwisha habari yangu!" Mkacheka wote wawili. Kisha ukakaa.

Hata mwanao Mwanabaraka, akicheza mchezo wa hospitali uani na mwanasesere wake, alikaa kwanza ndipo amwambie.

Halafu ukalazwa wewe, katika wodi ileile, macho yakiwa ya manjano. Ukauliza majibu ya vipimo. Rafiki yako Herieth, muuguzi mwenzako, akasema huku akitandika shuka, "Mawe ya nyongo tu, shoga. Ijumaa unatoka, acha uvivu." Daktari kijana akapita, akatabasamu, akasema utapona. Baba yako mdogo Abdulrahman alikuwa amewasihi wasikuvunje moyo. Hata mie sikuambiwa.

Lakini wewe uliijua kazi hiyo. Siku moja ulinishika mkono ukasema, "Mke mwenzangu, umeona? Wote wananiongelesha wakiwa wima."

Nikasema labda wana haraka.

"Hawana haraka," ukasema. "Wananiogopa. Na mie nina mtoto. Nimwambie nini, nami sijaambiwa?"

Hilo ndilo lililokusumbua kuliko maumivu. Ulitaka Mwanabaraka asikie kutoka kinywani mwako, ungali na nguvu za kumpakata. Huku nyumbani watu wazima walikuwa wakimwambia mama anarudi Ijumaa. Kila Ijumaa alivaa gauni lake la Idi, akakaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Ramadhani ikaja, ikaisha.

Daktari Bandali, mkuu wa wodi, alikuwa safarini kwa masomo. Aliporudi alisoma faili lako akiwa amesimama mlangoni. Akauliza kigoda kiko wapi, akakileta mwenyewe, akakaa.

"Umekaa, daktari," ukasema.

"Nimekaa, sista."

"Basi nimeshajua. Sasa niambie vizuri."

Akakuambia. Saratani ya kongosho, na ini lilikuwa limeshaingiliwa. Zilibaki siku, si miezi.

"Wenzangu wamejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mfungo."

Ukafumba macho. "Ramadhani nzima mmenilaza hapa nasubiri mawe yatoke," ukasema taratibu. "Bora mngenirudisha kwa mwanangu." Yeye hakujitetea. Aliomba radhi kwa niaba ya wodi, ukampa. Alikaa mpaka ukaacha kulia, na nilimwona akikufuta uso kwa leso yake. Ukasema, "Nileteeni Mwanabaraka."

Tulimleta kesho yake. Sauti yako ilikuwa imekwisha. Ulimshika kidole, midomo ikacheza, pumzi haikufika. Mtoto akainama, akaweka sikio, kisha akatugeukia. "Mama anasemaje?" Usiku ule ukatutoka.

Herieth alituletea kigoda baada ya hitima. Alilia hapa mkekani. "Bibi, nilidhani namwonea huruma." Nikamwambia najua, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuogesha kila asubuhi, akakusuka nywele zilipoanza kujifunga, akakuletea uji wa ulezi kutoka kwake. Wema ule niliuona na sitausahau. Lakini siku zile alizokunyima, Shamimu, hakuna awezaye kukurudishia.

Na hapa nyumbani mambo yaliendelea vilevile. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa jirani. Wakamwambia mama amesafiri. Ijumaa ikafika, akavaa gauni, akaenda barazani.

Nikakitoa kigoda, nikakiweka mbele yake, nikakaa. Magoti yangu unayajua, ilinichukua muda.

Akakitazama. "Bibi, hiki si kile cha mama cha kuwaambia watu?"

"Ndicho."

Kisha akaja akanikalia mapajani, akashika ushungi wangu. "Basi niambie polepole," akasema.

Nikamwambia.

Unakumbukwa na mimi bibi yako Mwanakombo; mwanao Mwanabaraka; baba yako mdogo Abdulrahman, ambaye mpaka leo hawezi kukitazama kigoda; Herieth na wauguzi wenzako; Daktari Bandali; na majirani wote wa Tabata. Dua itasomwa nyumbani Ijumaa, baada ya swala.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau, mke mwenzangu, siku zote tutakazojaliwa kuishi.