Simu Iliyonyamaza Juu ya Jeneza la Mama

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu toka huku Uarabuni. Mgongo wako unaendeleaje? Na ile mihogo ya kule bondeni, imepona na mvua? Mimi mwili mzima, ila moyo, wacha tu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu siku hizi anakaa nayo mama mwenye nyumba ninayofanyia kazi. Nekesa, msichana wa Bulumbi niliyekuja naye, amemaliza mkataba wake, mfupi kuliko wangu. Ndiye atakuletea karatasi hii.

Nimesikia yanayosemwa huko kwetu Molo. Kwamba siku ya kumzika Mama, kaka Okoth aliweka simu juu ya jeneza, akafungulia spika, ili nilie na watu wasikie. Simu ikanyamaza. Shangazi akasema, "Huyo ameshakuwa Mwarabu, mama ni nini kwake?"

Baba, nilikuwepo. Nilisimama jikoni kando ya friji. Habari za kifo chake ziliponifikia asubuhi ile nilipiga yowe moja tu, lile letu la kuanzia barabarani mtu akienda msibani kwao. Mama mwenye nyumba akaja mbio, akaniziba mdomo. Alisema ana wageni, nikilia tena atachukua simu na mazishi nitahadithiwa. Nikachagua kusikia. Nikauma taulo ya vyombo. Nilimsikia katekista akiomba. Nilimsikia Okoth: "Dada, lia basi! Watu wanangoja!" Nikazidi kuuma mpaka fizi zikatoka damu. Na simu akaichukua vilevile, jioni ileile.

Unakumbuka mwalimu alipotuandikia "kukandamiza" ubaoni, nikaja kukuuliza maana? Ulikuwa unapanda mihogo. Ulishindilia udongo kwa kisigino, ukasema, "Ni hivi." Nilicheka sana. Kumbe aliye chini ya kisigino hacheki, Baba.

Naomba jambo moja tu. Matanga ya mwisho, ya kufunga msiba, msiyafanye bila mimi, hata ndugu wakikusukuma. Mkataba wangu umebakiza miezi minane.

Nisalimie kaka Okoth, simlaumu. Nisalimie Bibi, mzaa Mama, kule Bulumbi, umshike mkono kwa niaba yangu. Shangazi naye msalimie, ingawa amenichoma.

Siku nitakayorudi nitashukia barabarani, palepale panapogeukia kwetu, nianze kulia hadi kaburini. Nawaomba, mtu yeyote asije akaninyamazisha.

Ni mimi binti yako,
Athieno