Neno Moja Kwenye Sahani ya Feivish

Jumapili, 12 Adari
Purimu, sikukuu yetu Wayahudi, ni Jumatano. Mtaa mzima unafunga sahani za vyakula vya kupelekeana. Mlango wangu utarukwa: mfiwa hapelekewi sahani mpaka mwaka uishe, na marehemu Mama ana miezi minane tu kaburini. Ndugu yangu Feivish naye ni mfiwa wa Mama huyo huyo. Hatujasemezana tangu alipokata mistari tisa kati ya kumi na miwili niliyolitungia jiwe la kaburi. Tisa! Hata hivyo nataka kumpelekea sahani. Nimemwandikia Rabi ombi la kurasa mbili, lenye vifungu.

Jumatatu, 13 Adari
Rabi alisoma mstari mmoja.
— Getzel, bwana, umeniandikia katiba? Mfiwa hapelekewi.
Nilibaki nimesimama. Akanihurumia: labda awe maskini; zawadi ya maskini siku hiyo haizuiwi na msiba.
Feivish hana kazi tangu kiwanda cha mikate kilipomwachisha. Basi sharti limetimia!

Jumatano, 15 Adari
Asubuhi. Vikeki vya pembe tatu, kwa kipimo cha Mama, na chupa ya divai. Juu yake kadi, kwa usahihi unaostahili: “Kwa Feivish bin Yoel, maskini kwa mujibu wa sheria, kutoka kwa nduguye.” Nilimkabidhi mkewe, Shprintza, mlangoni. Ndani kulikuwa na harufu ya samaki. Sikuingia — sikuwa nimealikwa kwa maandishi wala kwa mdomo.

Saa tisa alasiri. Shprintza ameirudisha. Hakuna kilichoguswa.
— Kaisoma mara mbili, shemeji, kisha kajifungia chumbani. Anasema, mwambie bingwa wa maneno, safari hii kulikuwa na moja tu la kukata.
Nilimfafanulia kwamba pasipo neno hilo, sahani isingeruhusiwa.
— Nani alitaka sahani? Si ungekuja tu, mikono mitupu! Kiti chako nimekiweka mezani tangu asubuhi.
Nilipokea sahani, nikaenda kutafuta karatasi.

Jioni. Sikukuu itakwisha jua likizama, nalo limeshagusa matangi ya maji juu ya paa la jirani. Hii ni rasimu ya nne ya barua kwa ndugu yangu. “Kwa heshima na taadhima, mimi niliyetajwa hapo juu...” Nimefuta “niliyetajwa”. Nimefuta “taadhima”. Nimefuta na “heshima”. Limebaki jina lake, “Feivish”, na mkato. Baada ya mkato — naacha kalamu; kiti kingali mezani.