Mgunga Niliougonga Nyundo

Jumatatu, 10 Januari 1983
Doria ya msitu kama kawaida, kutoka kisimani hadi kileleni. Buti la kushoto linaingiza umande. Mama mmoja nimemkuta na kuni mbichi, nimemkaripia, nikamwacha aende nazo.

Halafu ule mgunga mkavu wa kileleni. Tundu limezibwa kwa matope, umebaki ufa tu. Hondohondo dume akaja na panzi, akampitisha ufani, mdomo mwingine ukampokea ndani. Kwa hivyo jike yumo. Kajifungia na makinda, na manyoya ya mabawa yamemtoka. Hatoki kabla ya mwezi ujao.

Mti huo niliugonga nyundo ya muhuri mwenyewe mwezi wa kumi, kuonyesha unaruhusiwa kukatwa. Alama ya serikali iko pale shinani. Sasa ni wa kanisa, kuni za kuchoma matofali.

Jumanne, 11 Januari
Nimeamka na hasira na mimi mwenyewe. Mwezi wa kumi tundu lilikuwa tupu. Niliupiga mti kofi, nikasema huu umekufa vizuri. Ndiyo kazi yangu, kusafisha msitu. Mkavu utoke, mbichi upate nafasi. Miaka kumi na tisa nasafisha.

Leo nimezunguka kutafuta matundu mengine ya ndege. Nimepata manne tu, yote kwenye miti mikavu. Msitu mzima!

Alhamisi, 13 Januari
Nimeenda mjini Mwingi kumwona afisa wangu wa misitu. Nimepanda lori la mbuzi, nimerudi nikinuka beberu.

"Mti ikigongwa nyundo ni ya mwenye kupewa, Kimanzi. Hiyo ndege itatafuta ingine."

Nikamwambia hana manyoya ya kurukia. Alicheka, akaniuliza habari za mvua.

Jumapili, 16 Januari
Baada ya ibada nimemshika Mutua, ndugu wa mke wangu. Ni mzee wa kanisa, matofali ni kazi yake. Nimemwomba mwezi mmoja tu. Hawezi. Tanuri imeshapangwa, mvua ikirudi yote ni udongo tena. Akina mama walibeba maji ya matofali hayo kwa migongo yao. Ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi.

"Shemeji, si ni wewe ulituambia hiyo mti imekufa?"

 Njiani mke wangu akasema majuto ni mjukuu. 

Ijumaa, 21 Januari
Wanakata kesho. Nilipanda kileleni na shoka niichonge ile alama itoke. Bila alama, hawaruhusiwi kukata. Nimesimama pale muda mrefu. Nikijulikana nafutwa kazi, na binti yetu Mwende ndiyo kwanza ameingia kidato cha pili.

Nimerudi na shoka langu. Mwoga.

Jumamosi, 22 Januari
Wameukata. Niliwaomba waulaze upande wa nyasi. Walijaribu, mti ukaenda ulikotaka.

Makinda wawili wamepondeka. Jike ni mzima, hana mkia, anatambaa chini kama kuku mgonjwa. Mutua mwenyewe alimfunika kwa kofia yake, akanipa.  Nilitaka kumtukana nikakosa tusi.

Jumapili, 23 Januari
Sikuenda kanisani. Nimeshinda nikishika panzi, mzee wa miaka hamsini na moja na mkebe mkononi. Watoto wa jirani wamecheka hadi wakakaa chini.

Jike hali. Namfungua mdomo kwa nguvu, namtilia, anatema.

Jumatatu, 24 Januari
Nimembeba kwa karai hadi kileleni, dume amwone. Dume alikuja. Akatua mti wa jirani, akatazama juu pale tundu lilipokuwa. Chini hakutazama hata mara moja. Nilimwinua jike kwa mikono miwili, dume akashtuka, akaruka.

Nimekaa hadi saa tisa. Moshi wa tanuri umeanza bondeni.

Jumanne, 25 Januari
Panzi kumi na mmoja. Hakumeza hata mmoja. Mke wangu amejaribu kwa maji na kijiko, vivyo hivyo.

Jumatano, 26 Januari
Asubuhi nimemkuta amekufa. Nimemzika nyuma ya zizi.

Panzi waliobaki nimewafungulia kwenye nyasi. Wawili wameruka. Wengine hawakuweza, nilikuwa nimewavunja miguu nikiwashika.