Kitambaa cha Bibi Juu ya Kompyuta

Kabula, mjukuu wangu,

Mwangaluka! Huku Nkoma tu wazima. Pamba imefunguka vizuri, na bibi yako bado anawashinda vijana kwa sauti kwenye kwaya.

Unauliza kama ile kompyuta uliyotuachia ni ya kutupwa, maana inaanza vizuri, halafu baada ya nusu saa inajikokota huku ikivuma kama mashine ya kusaga. Mimi nilishasema imezeeka, basi. Mpaka nikamkumbuka Malunde.

Malunde alikuwa maksai wetu wa kulimia nilipokuwa kijana. Nilimpenda mno. Siku moja jua lilikuwa kali, nikamfunika mgongo kwa gunia nene la pamba ili asiungue. Matuta mawili akaenda, la tatu akasimama, ulimi nje. Nikamwambia baba, "Huyu kazeeka." Baba akalivuta lile gunia, akacheka: "Hajazeeka. Unampika!"

Basi juzi nikaitazama vizuri kompyuta yako. Kile kitambaa alichofuma bibi yako, tunachoifunika nacho isiingie vumbi, kilikuwa kimeziba matundu yote ya nyuma. Ubavu wake ulikuwa wa moto! Nikaizima, nikakiondoa, nikapiga brashi vumbi lililojaa kwenye matundu. Barua hii naiandika kwenye kompyuta hiyohiyo tangu asubuhi, na bado inakimbia.

Bibi yako alinuna kidogo. Kitambaa chake nimekihamishia kwenye kiti chako, maana kiti hakipumui. Njoo ukikalie.

Babu yako Masanja