Jibu la Mistari Kumi na Mmoja

Jumatatu, 2 Juni

Nimekata majani ya ng'ombe, nimetoa paneli ya sola nje. Wingu tupu. Chini kule Mabogini naona mashamba ya mpunga yanang'aa kwa jua. Huku juu tumefunikwa.

Kundi letu la WhatsApp limeamka kabla yangu. Habari ya leo ni kinu kidogo cha nyuklia, wanasema kinabebwa na lori moja. Ibrahimu ndiye aliyeileta, nani mwingine. Ni fundi redio mjini Moshi. Miaka mitatu tunabishana kwenye simu na hatujawahi kuonana. Yeye nyuklia, mimi maji na jua. Kundini wanamwita Shehe wa Urani. Mimi ni Mangi wa Mfongo, yaani chifu wa mfereji, kwa sababu nasimamia mfereji wetu wa kijiji na siachi kuutaja.

Nimemuuliza lori lake likipinduka kwenye makorongo ya huku, atakuja kuzoa yeye? Wamecheka sana.

Chai peke yangu. Bado natoa vikombe viwili kabatini. Kimoja nakirudisha.

Mke wangu, Mama Dafrosa, anatimiza mwaka kaburini tarehe 27. Misa tutafanya Jumamosi, tarehe 28. Binti yetu Dafrosa amesema atapata ruhusa shuleni anakofundisha, Singida.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya tatu bila jua. Simu imezima saa tano asubuhi, katikati ya mjadala. Habari ilikuwa nzuri: mashine za akili mnemba zinakunywa umeme kama ng'ombe wenye kiu, nani atazilisha? Nilikuwa na jibu. Nimepanda kwa jirani yangu, Meku Ndelilio, kuomba chaji. Yeye ana umeme wa nguzo. Amechomeka simu, nami nimeliona tabasamu.

Simu ilipowaka nikakuta Ibrahimu ameandika: "Mangi, vipi? Jua lako leo limevaa koti?" Watu arobaini wamecheka. Wengine wameweka picha za mishumaa.

Nimeumia kuliko inavyostahili. Nimekumbuka pasi. Mama Dafrosa alitaka pasi ya umeme. Nikamwambia sola yetu haibebi pasi, na nguzo sitaki, nimeshasema kundini kwamba sitaki. Akaendelea na ya mkaa. Alikuwa anapuliza majivu dirishani kabla ya kuigusisha kwenye nguo zangu za kanisani.

Alhamisi, 5 Juni

Ibrahimu ameendelea na koti la jua. Mzaha tu. Nimeandika jambo baya kundini. Nalinakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Wewe huna haya. Siku mke wangu anakata roho wewe ulikuwa unanichokoza kwa nyuklia yako. Uliniibia dakika zake za mwisho."

Nimeweka simu chini.

Ijumaa, 6 Juni

Wamemshukia. Watu ambao hawajui hata jina la marehemu. Wamemwita mnyama. Mmoja amesema fundi wa namna hiyo asipelekewe hata tochi. Msimamizi wa kundi ameandika pole ndefu kwangu.

Ibrahimu ameandika mara moja tu: "Sikujua. Wallahi sikujua." Kisha ametoka kundini.

Nimeshinda. Miaka mitatu, na leo nimeshinda. Sijala.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani, lakini sikusikia mahubiri. Nimerudi nimekaa chini ya mgomba ulio karibu na kaburi. Naandika ilivyokuwa. Sijawahi kuiandika.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Alikuwa chumbani, moyo ulikuwa unamsumbua tangu Pasaka. Mimi barazani na simu. Ibrahimu alikuwa ameuliza swali kuhusu taka za nyuklia, swali la kawaida, la heshima. Nilikuwa namjibu.

Akaita, "Baba Dafrosa, niletee maji."

Nikasema, "Ngoja."

Akaita tena. "Baba Dafrosa." Hakutaja maji.

Nikasema, "Nakuja." Nikaendelea kuandika. Mistari kumi na mmoja. Nilitafuta hata namna ya kuandika neno mionzi vizuri. Nilipotuma nikasubiri kidogo nione nani atapongeza. Kisha nikachukua kikombe chake cha bati, kile chenye ua la bluu, nikachota maji mtungini, nikaingia.

Alikuwa amekwenda.

Niliwaambia watu wote alifariki usingizini. Dafrosa nilimwambia hivyo hivyo.

Ibrahimu hakuiba kitu.

Jumanne, 10 Juni

Mfereji umeziba kwa majani kule juu. Nimezibua na vijana watatu. Maji baridi hadi mifupa. Kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kufikiri.

Kundi limepoa. Mtu ameleta habari ya betri mpya za gari. Hakuna aliyebisha. Nimeona hata mimi sina la kusema. Nilikuwa nadhani nabishana kwa ajili ya ukweli. Nilikuwa nabishana na Ibrahimu.

Alhamisi, 12 Juni

Ibrahimu amenitumia meseji, mimi peke yangu. Picha ya isale, mmea wa Wachagga wenye majani marefu. Chini yake: "Mangi, nimeulizia, nimeambiwa kwenu hili ndilo la kuombea msamaha. Nisamehe. Kama ningejua mama yuko taabani ningenyamaza."

Nimeitazama muda mrefu. Isale zuri, la kijani kibichi, nadhani alilitoa mtandaoni.

Nikajibu: "Isale haliletwi kwa simu."

Ni kweli. Linaletwa kwa mkono, na anayelileta ni mtu wa tatu. Lakini sikuandika hivyo kwa ajili ya mila. Niliogopa. Nikilipokea nakubali kwamba yeye ndiye mkosaji. Nikilikataa, wazee wetu walisema anayekataa isale hubaki na kosa lote mwenyewe.

Basi kosa lote ninalo.

Nimemweleza Meku Ndelilio nusu ya habari. Amesema, "Isale la picha? Hata mbuzi hawezi kulila." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akanitazama. "Lakini mtu kaomba, Severini. Kaomba." Nimeaga upesi.

Jumamosi, 14 Juni

Dafrosa amepiga simu. Mtu amemrushia ujumbe wangu wa kundini. Mjomba wake, nadhani. Amelia.

"Shikamoo baba. Kwa nini hukuniambia?"

Nikaitikia marahaba, hilo lingine nikalipita.

"Huyo mtu duka lake liko wapi?"

Nikamwambia karibu na soko.

"Nikishuka tu kwenye basi napita kwake. Nataka amtazame usoni mtoto wa marehemu."

Nikamwambia aache. Akasema, "Baba, wewe mpole mno. Watu wanakuonea." Alhamisi ya tarehe 26 anafika.

Mpole. Mama yake alikuwa anasema hivyo pia, ila yeye alikuwa anacheka akisema.

Jumatano, 18 Juni

Nimeshuka mjini. Niliwaambia majirani nakwenda kununua waya. Nimeliona duka lake: mlango mmoja, redio zilizofunguliwa matumbo, kalenda ya msikiti ukutani. Yeye ni mdogo kuliko nilivyodhani, mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye redio ya bibi mmoja, polepole, kama anayepuliza jicho la mtoto. Bibi alikuwa anamsema kwamba kila mwezi redio inarudi. Yeye anajibu, "Bibi, redio haina kosa, kosa ni panya wako."

Nilisimama ng'ambo ya barabara kama nusu saa. Mguu haukuvuka.

Nimenunua waya. Sina kazi nao.

Jumamosi, 21 Juni

Leo amekuja.

Nilikuwa naanika kahawa ya kwanza. Nikasikia bodaboda, kisha hodi. Ibrahimu amesimama uani, suruali imejaa tope, amekumbatia isale zima. Si jani. Mti mzima, na mizizi, na udongo unamwagika kwenye viatu vyake.

"Shikamoo Mangi."

"Marahaba."

"Umesema haliletwi kwa simu. Nimelileta."

Nikamuuliza amelitoa wapi. Akaonyesha kwa kidevu. "Hapo tu, njiani, yako mengi yamepangwa mstari."

Mstari huo ni mpaka. Ni mpaka wangu na Meku Ndelilio, babu zetu waliupanda. Huku kwetu mtu anaweza kung'oa mgomba wa mwenzake wakasameheana. Isale la mpaka haling'olewi.

Meku alikuwa ameshafika, na panga mkononi, anafoka Kichagga. Ibrahimu hakuelewa hata neno. Akadhani ndiyo sehemu ya mila, akainamisha kichwa na kungoja. Meku akamwona, hasira ikamkatika. "Huyu ndiye wa picha?" akaniuliza. "Jani moja lingetosha, baba wee! Jani moja!"

Ibrahimu akasema, "Nilifikiri kosa kubwa, mti mzima."

Meku alicheka. Mimi sikuweza. Mtu wa mjini, asiye wa kabila letu wala wa kanisa letu, amekuja peke yake kuomba msamaha kwa kosa langu.

Nimelipokea. Nimempa chai, kwa kikombe kile cha pili. Aliuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia habari ya pasi. Hakusema neno juu ya sola. Angeweza kusema. Nikamwona akilizuia.

Nilitaka kumwambia ukweli. Akaaga, nikamsindikiza hadi mferejini, na bado sikusema.

Jumapili, 22 Juni

Isale liko kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Nimelipitia mara nne leo.

Jumanne, 24 Juni

Meku ameuliza mti wake wa mpaka nitaurudisha lini. Nikamwambia nipe siku chache. Akasema, "Wewe una jambo." Nikasema ninalo.

Kesho kutwa Dafrosa anashuka kwenye basi, na duka liko hatua mia mbili kutoka stendi.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemwahi stendi. Nilikuwepo tangu saa tano, basi limefika saa nane. Alishangaa kuniona. Amekonda. Amefunga khanga ya mama yake, ile ya kijivu. Mama yake alikuwa anafutia mikono kwenye pindo lake kabla ya kushika simu kuongea naye.

Akasema twende kwanza kwa yule mtu. Nikamwambia tukae kwanza. Tulikaa kwenye benchi, watu wanapita na mizigo. Nikamwambia yote. Maji. Ngoja. Nakuja. Mistari kumi na mmoja. Kwamba Ibrahimu aliuliza swali tu.

Hakulia. Aliuliza, "Aliita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wewe ulisikia zote mbili."

"Nilisikia."

Akainuka, akaenda kusimama kwenye kibanda cha vocha, akanigeuzia mgongo. Niliacha asimame. Aliporudi alibeba begi lake mwenyewe, hakunipa.

Jioni amepika kitawa, chakula chetu cha ndizi. Amenipakulia. Ameweka bakuli mbele yangu kwa nguvu kidogo.

Sikumwomba anisamehe. Niliona ni mapema, na sikustahili kumharakisha.

Ijumaa, 27 Juni

Mwaka.

Nimeandika kundini asubuhi. Siandiki tena hapa, ni yale yale niliyomwambia Dafrosa, kwa maneno machache zaidi. Nimemaliza hivi: Ibrahimu hana kosa, mlichomsema ni changu, nisemeni mimi. Kisha nikazima simu kabla sijaona majibu. Hii ilikuwa ngumu kuliko kuandika.

Nimekata jani moja kwenye isale la ndoo. Nimelifunga fundo, kama baba alivyonifundisha. Nimempa Meku Ndelilio. Sikuhitaji kumweleza sana. Alivaa kofia yake ya misa, akapanda bodaboda, mzee wa miaka themanini na moja, amelishika jani mbele yake kama mshumaa.

Amerudi saa kumi. Anasema Ibrahimu alikuwa ameusoma ujumbe wangu kwanza, mtu wa kundini alimrushia, halafu Meku ndiye akatokea na jani. Ibrahimu akazima redio iliyokuwa inaimba, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama kesho anaruhusiwa kuja, na kama huko juu kuna mahali pa mtu asiyekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Meku amemwambia maji tunayo mengi.

Sijui kama alijua anasema nini. Nadhani hakujua.

Jumamosi, 28 Juni

Misa imekwisha, watu wamekula, wametawanyika. Ibrahimu alikuja na mkewe na kilo mbili za tende. Dafrosa aliwasalimu vizuri. Alimwambia Ibrahimu, "Baba, samahani, nilikuwa nimekuja kukugombeza." Ibrahimu akasema, "Ungenigombeza tu, mwanangu, nimezoea. Muulize baba yako." Dafrosa akatabasamu. Ndilo tabasamu la kwanza nimeona tangu stendi, na halikuwa langu.

Meku amekubali isale lipandwe kaburini. Mpakani atapanda chipukizi jingine. Ibrahimu alichimba shimo, mimi nikashikilia mti usimame. Nimelimwagilia kwa kikombe cha bati chenye ua la bluu.

Mimi na Ibrahimu tulikaa kidogo kwenye migomba. Tuliulizana habari ya maporomoko ya maji yaliyo juu ya mfereji, kama mtambo mdogo wa umeme unaweza kukaa bila kuwanyima maji watu wa chini. Yeye anasema hapana, kiangazi utakufa. Mimi nasema ndiyo. Sauti zetu zilikuwa chini. Kwa mdomo anabisha polepole kuliko kwa simu, na anasikiliza hadi mwisho. Wameondoka jua likiwa bado liko juu.

Sasa ni saa kumi na moja. Wingu limefunguka, mlima mzima unaonekana. Betri ya sola imejaa. Simu nimeiwasha tena, imeita mara kadhaa ndani ya kabati, kundi hilo. Sijaifungua. Naandika barazani, kiti kile kile. Nilitaka kueleza bado jambo moja kuhusu mkono wa Mama Dafrosa, jinsi alivyokuwa anapima chumvi

Dafrosa ananiita. Naenda.