Mahari Salama

Mwaloni, Ilemela
4 Mei 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Sisi nyumbani wazima, ila Bibi na magoti yake. Mtandao wa kambi yenu ya uvuvi haushiki, kwa hiyo barua hii nampa Shimba wa boti la dagaa.

Baba, tumemaliza ukuta! Kikundi chetu cha sanaa cha shule, mimi na Hellen na wenzetu, tumechora ukuta wote wa bomba la maji hapa mwaloni boti zinaposhusha dagaa. Tumeweka konokono wa kichocho, watoto wanaoogelea, na maneno nimeandika mimi kwa rangi nyekundu. Jumamosi tarehe 18 tutaigiza hapohapo, ngoma zipo, halafu nesi atagawa dawa ya kichocho bure. Mara ya mwisho wanaume walikimbia wote, eti inamaliza nguvu.

Njoo, Baba. Mama ameniambia jambo ambalo binti hamwambii baba yake, nami silisemi. Njoo tu.

Binti yako,
Gladness

Kambini
10 Mei

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Mimi mzima kabisa, mwambie mama yako aache maneno. Giza hili lisilo na mwezi, dagaa wamejaa, siwezi kutoka.

Shimba ametuonyesha picha ya ukuta wenu. Michoro safi! Ila uliandika nini? "OGEA HAPA, SI ZIWANI. HAPA NI MAHARI SALAMA." Kambi nzima imecheka hadi chai ikamwagika. Wananiuliza ni ng'ombe wangapi, na bwana harusi ni bomba? Sisi Wajita na hizi r zetu! Ulimi kuteleza sawa, lakini mpaka brashi?

Baba yako

Ilemela
19 Mei

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje, kweli kweli?

Barua yako iliniliza. Nilibeba chokaa nikafute, Hellen akaninyang'anya. Watu walikuwa wanatoka mpaka Igoma kuja kupiga picha! "Umetuletea watu bure, halafu unawafukuza?" akasema. Basi igizo tukaligeuza likawa la posa. Bwana harusi analeta mahari, na mimi shangazi wa bibi harusi nagoma: "Ng'ombe warudishe. Meza dawa kwanza." Anajibu kwamba inamaliza nguvu. Nikamuuliza mbele ya mwalo mzima: "Na huo ugonjwa, unakuongezea?"

Baba, watu walivunjika mbavu! Halafu wanaume wakajipanga wenyewe kwenye ile fimbo ya nesi ya kupima urefu, maana vidonge vinatolewa kwa urefu wa mtu. Hata mwenyekiti wa mwalo alijipanga! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kisha nikaitazama foleni yote, uso kwa uso. Hukuwepo. Nesi anarudi tarehe 25.

Gladness wako

Kambini
23 Mei

Mwanangu,

Salamu fupi, boti linaondoka.

Shimba alitusimulia igizo lenu, akaiga na sauti yako ya shangazi. Tulicheka sana. Walipotulia, nikawaambia wenzangu lile ambalo hukulisema, kwamba ugonjwa huo ninao. Nimelificha tangu mwaka jana kwa aibu tu, mwanangu, na hofu. Nilijua watanicheka.

Hakuna aliyecheka. Kisha Mihayo akasema, "Hata mimi." Akafuata mwingine.

Mbalamwezi imeingia, hakuna kuvua. Mwombe nesi asifunge sanduku la dawa mapema. Tunakuja watu saba.

Baba yako