Vita Nilivyoshinda kwa Mdomo

Jumanne. Theluji imeanguka tena, na eti ni Aprili. Nimeingia nyumbani viatu vimelowa na nafsi inanisuta.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wiki mbili zilizopita binti yangu Neema, wa miaka kumi na nne, aliniuliza jambo la nyumbani kwa mara ya kwanza. Darasani kila mtu ameambiwa aeleze vita vya baharini vya enzi za matanga na sababu zake. Akachagua Mombasa kwa kuwa mama yake katoka huko. Nilivimba kichwa. Huku nikimsuka, nikamweleza jinsi watu wa Mombasa walivyochoshwa na Wareno na kodi zao, wakawakaribisha Waturuki na merikebu zao, kisha kwa pamoja wakawatimua Wareno. Nilisimulia utadhani nilikuwepo.

Leo baada ya zamu kule Plymouth, ninakotunza wazee, nimepitia maktaba nimtafutie picha ya kubandika. Kitabu kikanikalisha chini. Sababu nilizisema sawa. Mwisho ndio nilioupindua. Wareno walileta meli nyingi kutoka Goa, wakawazidi Waturuki mle mle bandarini, na mji ukaadhibiwa. Ngome tuliyotembezwa tukiwa shule ya msingi waliijenga baadaye, ili wasisumbuliwe tena. Kufukuzwa walifukuzwa, lakini na Waomani, na ni zaidi ya miaka mia baada ya hapo. Mimi nilichanganya vita viwili, tukashinda.

Na Neema anasimama mbele ya darasa kesho. Mwisho wa karatasi yake, panapotajwa habari zimetoka wapi, ameandika: mama yangu, mzaliwa wa Mombasa.

Niliogopa. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya wenzake. Nikisema, huenda asiniulize tena lolote.

Kwetu mzazi haombi mtoto radhi. Mama yangu akikukosea alikupikia kitu kizuri, ukala, yakaisha. Basi nami nikatoa unga, nikasukuma chapati kumi, nikamwekea mbili za moto na maharagwe. Nikangoja yaishe.

Hayakuisha.

Nikamwambia, "Neema, nilikudanganya bila kujua. Siku ile tulishindwa."

Mtoto huyu husikia Kiswahili vizuri, ila siku zote hunijibu Kiingereza. Leo alitafuna kwanza, akameza, akasema, "Nilijua kuna kitu, Mum. Nani hupika chapo Tuesday?"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka kidogo.

Tumeisahihisha karatasi pamoja pale mezani. Kitabu amekiongeza. Nilimwambia anifute mimi, akakataa. Ameandika tu kando ya lile neno "mama yangu" kwamba nilikosea na nikasema mwenyewe.

Kesho asubuhi namsuka upya kabla hajaondoka. Safari hii atanisimulia yeye, nami nitafunga mdomo.